Ridhaa ya Kutua

Simu ya mnara wa kuongozea ndege ilimkuta Tusajigwe jikoni, akikaanga vitunguu. Sheria ilikuwa wazi: upepo wa ubavuni ukikaribia kikomo ambacho ndege inaweza kuhimili, rubani hakuruhusiwa kuamua peke yake. Ilitakiwa ridhaa ya mtu wa nyumbani kwake.

"Mama Lusajo, habari za mchana," alisema mwongozaji kwa upole. "Upepo unapiga kutoka kushoto, hautulii, na mivumo yake inazidi kupanda. Mumeo anasema anaweza kutua. Akighairi, mafuta yanamtosha kufika Dodoma. Amebeba abiria sitini."

Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo Tusajigwe alikuwa akiuliza kila kitu huku machozi yakimtoka. Siku hizi alisikiliza tu, kama mtu anayeambiwa maji yatakatika.

"Atue," alisema, akageuza vitunguu visiungue.

Jioni mumewe, Ambakisye, aliingia, akavua viatu, akaketi mezani na sare yake.

"Bawa lilibakiza kidogo tu liguse lami," alisema. "Nilitegemea ungekataa, mke wangu. Upepo ule niliuona kabisa kwamba haufai."

"Sasa mbona uliwaambia unaweza?"

"Nilijua watakuuliza wewe."

Tusajigwe alitafuta moyoni mwake hofu, au hata hasira, asikute kitu. Akampakulia wali, akamsogezea mchuzi. Asubuhi Ambakisye alikuwa na safari nyingine, na redio ilikuwa imeshatangaza kwamba upepo hautapungua.