Besi ya Premji

Mwanamkuu alilipiga boksi teke la pili. Kimya.

"Utalivunja, dada!" alisema Nyamizi, mdogo wake, kwa kupaza sauti. Nyuma ya ukuta mashine ya unga ya jirani ilikuwa inanguruma, na chumbani humo asiyepiga kelele hakusikika.

"Livunjike! Limeshaniaibisha."

Lilikuwa spika kubwa ya zamani, ndani ya boksi la mbao lililomfika kiunoni. Premji alilipigia muziki dukani kwake miaka mingi, na alipofunga duka na kuhama Tabora, Mwanamkuu akalinunua. Enzi zake, besi yake ilitikisa madirisha ya mtaa mzima wa Isevya.

Kwa ajili ya harusi ya binti yao Mwanahawa, Selemani mume wa Mwanamkuu alikuwa ameazima redio kubwa mpya, ile inayounganishwa na spika za nje. Ilikuja na spika moja tu ya bati, yenye mdomo wa tarumbeta. Fundi Raymundi akaitundika mbele kabisa, juu ya mwarobaini wa barabarani, walikoketi wageni. Asubuhi yote ililia kama mbu.

Mama Limbu, mama wa bwana harusi, alikuwa ametoka Bukene kwa treni. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Muziki wenyewe ndio huu?"

Neno hilo lilimkaa Mwanamkuu rohoni. Raymundi alipokwenda stesheni kupokea wageni waliobaki, Mwanamkuu aliingia chumbani kwenye redio, akafunga mlango na dirisha kwa sababu ya vumbi, akaanza kazi mwenyewe. Nyuma ya redio kulikuwa na matundu mawili. La juu, la kutoa sauti, lilikuwa na waya wa tarumbeta; la chini, la kupokea sauti, waya wa maikrofoni ya shehe. Shehe hajafika. Akachomoa maikrofoni, akachomeka boksi la Premji. Waya ukaingia sawasawa, kama umetengenezewa hapo. Akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Boksi halikutoa hata mkwaruzo.

Kupitia kioo cha dirisha aliwaona wageni wakiinua nyuso kuutazama mwarobaini.

"Ona sasa, nimekata hata ule wa mbu," alisema.

"Raymundi atakuja kurekebisha."

"Na yule Mama Limbu! Kaja kukagua muziki wa watu, na meno ya mbele hana. Nyama ya mbuzi anaibembeleza mdomoni kama mtoto mchanga!"

Nyamizi alicheka mpaka akashika tumbo. Nje nako watu walikuwa wanacheka, wengine wamejifunika kanga usoni. Mama Limbu hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Wanatucheka," alisema Mwanamkuu. "Harusi ya spika bubu."

Aliketi sakafuni, akaegemeza shavu kwenye kitambaa cha mbele cha boksi, akitega sikio. Hakusikia kitu ila mashine ya unga. Machozi yakamlenga, naye hakuwa mtu wa kulia ovyo.

"Dada, spika tu hiyo."

"Si spika. Ni ile chai."

"Chai ina nini? Kila mtu anaisifu. Miezi hii ya foleni za sukari, nani mwingine ana chai tamu?"

"Ndiyo hiyo. Nimewaambia sukari imetoka kwa shemeji Dar es Salaam. Haikutoka Dar es Salaam, Nyamizi. Ni ya duka la ushirika. Gunia lilikuja wiki iliyopita, nikawaambia wanachama halikuja. Ufunguo wa duka ninao mimi, nani angejua? Liko chini ya kitanda changu."

Nyamizi aliacha kucheka.

"Bi Dolatbai alikuja dukani na kikombe," Mwanamkuu aliendelea, mdomo wake ukigusa kitambaa. "Mjukuu wake ana homa, hali kitu ila uji. Nikamwambia, Bi, hata punje hakuna. Akasema Mungu anisaidie, kazi yangu ni ngumu. Leo kamletea Mwanahawa bangili, kanishika mkono, kanisifu chai. Nimeshindwa kumtazama usoni."

"Irudishe iliyobaki."

"Nitarudisha. Kesho, kimyakimya. Ikijulikana leo, Mama Limbu atambeba mwanawe arudi naye Bukene. Nani ataoa kwa mwizi wa sukari?"

Nyamizi alisogea dirishani. Akamwita dada yake kwa mkono.

Mwanamkuu aliinuka akachungulia. Nje watu walikuwa wanaweka vikombe chini, kimoja baada ya kingine, bado vimejaa. Bi Dolatbai alikuwa amesimama na fimbo yake. Alifunika kikombe chake kwa kisahani, taratibu, akaanza kuelekea barabarani. Mama Limbu alikuwa anakunja mkeka. Katikati yao Selemani amesimama, mikono kichwani, akitazama juu ya mti.

"Wanaondoka," alisema Mwanamkuu. "Si unaona? Harusi isiyo na muziki, nani atakaa? Na mwenzangu kashika kichwa badala ya kumfuata fundi!"

Alirudi kwenye boksi, akaliinamia na kulitikisa kwa mikono miwili.

Nyuma ya ukuta mashine ya unga ikazimwa. Mwanamkuu hakuwahi kupunguza sauti.

"Afadhali hili la sukari tunalijua mimi na wewe tu!"

"Mimi na wewe tu," likasema tarumbeta juu ya mwarobaini, kwa sauti ya Mwanamkuu mwenyewe, na besi nzito ya Premji ndani yake, na madirisha ya Isevya yakatikisika.