Mpaka Alie

Siku mbili kabla, Bi Salha aliweka pembe yake ya mbao kwenye tumbo la Mwanakombo, akasikiliza mpaka sikio likamuuma. Hospitali nako moyo wa mtoto haukusikika. Daktari akaeleza njia zote zilizobaki, na Mwanakombo akachagua kujifungulia nyumbani kwake, na mkunga wake.

Sasa mtoto alikuwa amezaliwa. Msichana, nywele tele, kimya.

Bi Salha alimlaza kifuani mwa mama yake, akachukua uzi na mkasi. Miaka yote ya ukunga wake hakuwahi kukata kitovu bila kuuliza.

"Nikate, mwanangu?"

"Karatasi inasemaje?"

Karatasi ilikuwa ukutani tangu mimba ilipotimiza miezi sita, siku walipokaa wawili hao wakaandika kila anachotaka mama: dirisha liwe wazi, mama mkwe angoje barazani, mtoto asipigwe makofi. Bi Salha alijua yote yaliyomo. Hata hivyo alisimama akaisoma.

"Kitovu kisikatwe mpaka alie."

"Basi." Mwanakombo alikuwa akimpangusa mtoto kipaji cha uso kwa kidole gumba. "Si ulisema neno langu ndilo litakalofuatwa?"

"Nilisema."

Bi Salha akarudisha mkasi kwenye sinia, akavuta kigoda, akaketi. Karibu na mlango, beseni la maji ya kumwogeshea lilikuwa likifuka mvuke. Baadaye mvuke ukaisha, nao wakawa bado wanangoja.