Yai Lisilo na Baba

Mzee Mselemu aliinamia darubini, hatamu ya Radi, farasi wake aliyekufa, ikining'inia begani.

"Limegawanyika," alisema Daktari Tunu. Yai la farasi jike, alilolichanganya kisahanini na mbegu za Radi zilizogandishwa, kisha zikatiwa dawa ya kuzichangamsha, sasa lilikuwa na seli mbili.

"Damu yake hiyo," mzee akanong'ona.

Kilibaki kisahani cha pili, cha kulinganishia tu. Humo Tunu alikuwa ameweka yai pamoja na dawa ileile ya kuchangamsha mbegu, ila mbegu zenyewe hakutia. Alikisogeza chini ya darubini kwa mazoea, akachungulia.

Nalo lilikuwa limegawanyika.

Angeweza kunyamaza. Mzee alikwishaanza kufuta machozi.

"Mzee wangu, hebu tazama na hili. Halikukutana na Radi kabisa. Huenda ni dawa ndiyo iliyoliamsha. Huenda hata lile la kwanza."

Mzee alitazama kisahani kimoja, akatazama cha pili, akarudia. Tunu alingoja hasira, lakini haikuja. Mzee aliishusha hatamu taratibu, akailaza mezani katikati ya visahani viwili.

"Daktari," aliuliza, akirudisha jicho kwenye darubini, "na hili lisilo na baba, linaelekea wapi?"