Feni ya Pili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Obiero alipewa bisibisi kabla ya chai.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya friza ya samaki ya Mama Dorca, mama wa msichana aliyekuja kumposa, huko Asembo Bay, suruali aliyoinunua kwa ajili ya posa ikichafuka vumbi. Nyuma yake, kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, aliketi Robinson, mshenga wake, mtu ambaye Waluo humwita jagam. Ulimi wa Robinson ulikuwa haujawahi kulala njaa.

"Mama, hiyo ni kitu kidogo kwake," Robinson alisema. "Huyu ni injinia wa kompyuta. Kisumu mzima wanamjua. Ameandika watu watatu kazi."

Obiero alihisi jasho likimteremka mgongoni. Yeye alikuwa fundi wa simu, na ofisi yake ilikuwa kibanda cha mabati Nyalenda, yeye na kiti chake. Hayo ya uinjinia alikuwa akiyasikia leo, pamoja na wakwe.

"Imekataa tangu asubuhi," Mama Dorca alisema. "Samaki nimeweka kwa barafu, lakini barafu nayo inaisha. Mgeni hatumwi, baba, unisamehe. Lakini injinia akishindwa na friza, sasa Mzee nitamwambia nini?"

Mzee Oyugi, baba wa msichana, alikuwa hajatoka kuwasalimu. Alichungulia mara moja tu kutoka mlango wa nyuma, macho mekundu, akarudi alikotoka. Obiero akajua hapa posa inaweza kufa hata kabla ya kutamkwa.

Kwenye kioo kidogo cha friza kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, uliosema kwamba mashine inasubiri feni ya pili. Obiero alifungua mfuniko wa nyuma akakuta feni moja. Aliitafuta ya pili kila upande, hata uvunguni. Hapakuwa na hata tundu la skrubu la kuifungia.

Msichana mwenyewe, Achola, ambaye hadi siku hiyo alimjua kwa picha za simu tu, alimletea maji. Njia nzima kutoka Kisumu Robinson alikuwa amemsifu: amesomea upishi, na samaki wake humfanya mtu alambe sahani mbele za watu. Achola alikuwa na kovu dogo la moto kidoleni. Obiero aliliona, akafikiria mafuta ya kukaangia, akampenda zaidi.

"Feni ni moja," alimnong'oneza. "Lakini hii kitu inasema ziko mbili."

"Na ni nani aliiambia ziko mbili?" Achola aliuliza, akachukua glasi, akaenda zake.

Obiero aliigeuza bisibisi mkononi. Kisha akakumbuka. Mwaka jana aliwahi kuweka kwenye simu ya mteja programu ya simu ya aina nyingine, nayo ikaamka ikidai ina kamera tatu, ilhali ilizaliwa na moja. Mashine ikiwashwa, bodi yake hutoa orodha kwanza: nina feni, nina kipima joto, nina mlango. Mfumo hauendi kuchungulia kama ni kweli. Huiamini orodha, kisha huita programu ndogo ya kila kifaa, ambayo mafundi huiita dereva, ije kazini. Hapa dereva wa feni ya pili alikuwa ameitwa na gari halipo, na friza nzima ilikuwa imekaa inamngoja.

Begini alikuwa na laptop kuukuu, aliyoibeba kwa amri ya Robinson ili aonekane mtu. Aliichomeka kwenye friza kwa waya, akaifungua ile orodha, akaupata mstari wa feni ya pili, akaufuta. Friza ilikohoa, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kunguruma.

Mama Dorca alipiga makofi. Robinson alisimama kabisa.

"Si nilisema? Hata wale vijana wake watatu wangemaliza hiyo na dakika moja. Na sasa anafungua ofisi ingine Sondu."

Obiero angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshinda, na harufu ya samaki wa kukaangwa ilikuwa imeanza kufika sebuleni. Lakini alimtazama Achola pale mlangoni, akaona haya, kisha akaogopa. Siku moja huyu msichana angeuliza ofisi ya Sondu iko wapi, na angeingoja mpaka aote mvi.

"Mama," alisema, "hata kwa orodha yangu kuna kitu ya kufuta. Mimi si injinia. Natengeneza simu Nyalenda, kwa kibanda. Hao watu watatu hawako. Sondu nimepita tu na gari."

Robinson alikohoa kuishinda friza. Mama Dorca alimtazama binti yake, binti akaitikia kwa kichwa, na hapo mama akageukia mlango wa nyuma.

"Baba Achola, toka tu. Amesema mwenyewe."

Mzee Oyugi akatoka jikoni, leso kiunoni, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi, akiwa na sahani kubwa ya samaki waliokaangwa wakaiva sawasawa.

"Mimi kupika sijui," Achola alisema, akiichomoa laptop kutoka kwenye friza bila hata kuangalia waya uko wapi. "Kazi yangu ni kutengeneza hizi friza. Na ndio nijue kama injinia ni wa kweli, hiyo feni ya pili niliandika mimi, leo asubuhi, mkiwa njiani."