Kiganja Juu ya Injini

Nereah alifika Keroka asubuhi kuangalia vani kuukuu ya dizeli, ya kubebea maziwa kutoka Nyansiongo. Alikuja na kaka yake, fundi wa magari.

"Injini nzima, dada. Nunua tu," kaka yake alimwambia.

Mwenye vani akaapa haijawashwa tangu jana.

Nereah akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto, naye hakukiondoa hata kilipoanza kumwuma. Alijua injini ya dizeli iliyochoka hukataa kuwaka ikiwa baridi, ndiyo maana hupashwa moto kabla mnunuzi hajafika. Kuitengeneza kungemaliza biashara yake.

"Mbona iko moto?" akauliza.

Mwenye vani akamgeukia fundi kwa hasira. "Si ulisema dada yako hajui magari?"

Nereah akafunga boneti taratibu, akaelekea stendi peke yake.