Mgonjwa wa Stoo

Daktari wa mifugo aliwahesabu kondoo mara ya tatu. Arobaini. Daftari lake lilisema arobaini na mmoja.

"Mmoja yuko wapi?"

"Alikufa. Nimemzika," mfugaji alijibu, macho chini.

Tangu mvua kubwa zinyeshe, madimbwi yalilizunguka shamba na mbu walitanda kama moshi. Ndani ya wiki moja kondoo kumi na wawili walikuwa wametupa mimba. Daktari aliijua homa inayoleta hayo. Mbu humpa mnyama, na mnyama humpa yeyote anayegusa damu yake. Kesho ilikuwa siku ya mnada. Akifika mmoja tu machinjioni, mji mzima ungekuwa mashakani.

Ndipo aliposikia mguno. Ulitoka kwenye stoo ya pumba.

Akapiga hatua. Mfugaji akamuwahi, akaziba mlango kwa mgongo wake.

"Fungua," daktari alisema.

"Hana shida, mama. Amechoka tu."

"Ana homa?"

"Kidogo. Lakini asubuhi alikunywa maji."

"Ana mimba?"

"Changa. Ndiyo maana sitaki asumbuliwe."

Damu ilimchemka daktari. Kumbe bwana huyu alipanga kumpitisha mlango wa nyuma, auzwe kabla hajachunguzwa! Akavaa glavu mpya, nazo zikamkwama vidoleni kwa jasho.

"Baba, wewe ni mtu mzima. Usinilazimishe kuita polisi. Huyo unayemficha anaweza kufa humo, na wewe ukamfuata."

"Mkimchukua hatarudi." Alizidi kuukaza mgongo mlangoni. "Chukueni hawa wote arobaini. Wachomeni moto mkitaka. Huyu mmoja niachieni."

Daktari alisita. Miaka yote ya kazi hiyo, hakuna mfugaji aliyewahi kumwambia maneno kama hayo. Lakini kazi ni kazi. Alimsukuma kando kwa bega, akavuta komeo. Mwanga wa mchana ukamwagika ndani.

Kwenye godoro lililoburutwa haraka kati ya magunia, chini ya shuka iliyolowa jasho, alilala mwanamke. Alifumbua macho, mekundu kama kaa la moto.

"Usimgombeze mume wangu, daktari," alisema taratibu. "Wale kumi na wawili niliwazalisha mimi, kwa mikono mitupu."