Jibu Likifika

Fundi wa programu aliliona kosa mchana kweupe, chai yake ikiwa imeota utando mezani.

Kompyuta ikiuliza kitu mtandaoni, huanza kuhesabu muda. Isipojibiwa, huuliza tena. Kompyuta za hospitali aliyoihudumia zilikuwa zikijibiwa na bado zinauliza, zinauliza, mpaka zote zinaganda. Kumbe jibu likiingia, ile saa ya kuhesabu haizimwi. Ulikosekana mstari mmoja tu wa programu.

Akauandika, akajaribu. Mashine ikauliza mara moja, ikajibiwa, ikanyamaza.

"Nimekupata, mwanahizaya!" alipiga kelele, akageuka.

Viti vilikuwa vitupu. Wenzake siku hizi walifanyia kazi majumbani kwao.

Akampigia mama yake. "Mama, nimeiponya mashine!"

"Hongera, mwanangu. Kwani ilikuwa inaumwa nini?"

Alicheka, akaaga.

Wa kuielewa furaha ile alikuwa mmoja tu: aliyekuwa mumewe, ambaye alilisaka kosa hili pamoja naye kabla hawajaachana. Aliishika simu mpaka kioo kikalowa jasho la kidole gumba. Kisha akabonyeza.

"Nani mwenzangu?"

Namba yake ilikwisha kufutwa kwenye simu ya mwanamume huyo. Nyuma, sauti ya mwanamke iliuliza kama chakula kipakuliwe.

"Ni saa," alisema. "Jibu likifika, haizimwi."

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Nisomee mistari yote," mwanamume alinong'ona. "Anzia juu kabisa."